Maduara Matano ya Bwana Harusi

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Salamu sizipangi foleni, unazijua zote ninazokutakia, zichukue kwa jumla. Mimi mzima kama chuma cha reli.

Kazi uliyonitafutia nimeianza Jumatatu. Nakuandikia kwa kalamu maana simu nimeifungia kwenye droo, inapiga kelele kama mke mwenza. Na wale wanaosema mzee yule hajui kusoma, waambie mimi nimesomea milangoni. Miaka thelathini na sita nasukuma machela, herufi nilizipata kwenye vibao: Upasuaji, Wazazi, Macho, Maiti. Hao ndio walimu wangu. Ukinipa gazeti nakwama, ukinipa mlango sikwami.

Sasa nikueleze, maana wewe uko ofisini huko mbali unaona karatasi tu. Ni ile wodi ya zamani iliyofungwa, yenye korido ndefu na sakafu nyekundu. Wameleta roboti. Nilidhani itakuwa na kichwa na miguu. Kumbe ni kabati lenye magurudumu, kimo chake kiunoni kwangu, na taa moja ya buluu mbele. Eti itabeba dawa na mashuka. Haina sauti, haina haraka, haigeuzi shingo, inakwenda imejaa heshima zake. Nimeipa jina Bwana Harusi, na sasa hata wakubwa wa pale wanaiita hivyo.

Sisi tuko kumi, tunaitwa watembeaji. Yeye anakuja huku, sisi tunakwenda kule, tunapishana. Kila akikupita unajaza karatasi yenye maduara matano. Ukijaza moja, amekukera au amekutisha. Ukijaza yote matano, amekupita kwa adabu hata hukumhisi. Msimamizi ana kamba ya kupimia, anapima Bwana Harusi amepita umbali gani na mguu wako. Huyo nimempa jina Bwana Rula. Mimi ni namba saba.

Wametuambia tembeeni kama kawaida yenu. Kawaida yangu ni ipi? Kawaida yangu ni katikati ya korido, kifua mbele. Nikisema simile, madaktari wanabana ukutani. Siku moja mkuu wa hospitali mwenyewe aliingia choo cha wanawake kunipisha. Leo nimpishe kabati?

Nimemwingiza Mama Ndoo pia. Unamkumbuka, yule mfagizi wa wodi ya wazazi aliyekuwa anakupa pipi ulipokuja kunisubiri baada ya shule. Alikuwa amekaa tu nyumbani anahesabu kuku wa majirani. Nikamwambia njoo ulipwe kwa kutembea. Yeye ni namba nane, tunawekwa zamu moja.

Mimi baba yako,
Simba wa Korido

Macho yangu mazima. Najua utauliza, nimekuwahi.


Tarehe 11 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye basi, nikacheka hadi kondakta akaniuliza kama nimepata mchumba.

Nisikilize lakini. Sisi hapa ndio tunaoamua kama mashine hiyo itaingia wodini au haitaingia. Karatasi zenu zinanifikia mimi, hazina majina, zina namba tu. Hukupaswa kunitajia namba yako. Basi sasa najua, na nitajitahidi kusahau. Na tafadhali usimwambie mtu yeyote huko kwamba mimi ni mwanao. Nafasi hiyo nilikuombea kimyakimya, na hapa ofisini hawajui.

Jaza karatasi kwa haki. Usiipendelee na usiionee. Nambari zenu zikisema mashine ni salama, mwezi wa sita itakuwa inapita katikati ya wagonjwa, wazee wenye mikongojo, na mama wanaojifungua usiku na kutembea asubuhi wakishika ukuta.

Na umeniwahi, lakini nauliza. Mwezi wa kwanza ulikuwa na siku ya kwenda kwa daktari wa macho. Ulikwenda? Hukuniandikia. Tuliahidiana, baba, siku tuliyomzika mama: macho yakianza kukataa, unafunga nyumba unakuja kwangu. Ulinipa mkono.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Daktari wa macho nilimwona, ni mzima, anakusalimia.

Kazi inakwenda na mimi ndiye nyota yake. Bwana Rula amesema hajapata mtembeaji asiyeogopa kama mimi. Wenzangu wanaiona ile taa ya buluu wanasogea pembeni, kisha anaandika mashine imepisha. Haijapisha, imepishwa! Nimemwambia, wewe unapima anavyopita, hupimi nani kakwepa. Akaniambia, mzee, jaza karatasi. Nikajaza. Ile siku nilimpa mawili, alinijia mkono wa kulia akanisogelea kama ana siri ya kuninong'oneza.

Na hana neno huyu. Sisi wa machela ukifika kwenye kona unapaza sauti, simile, simile, mgonjwa anapita. Hata maiti tulimwombea njia. Huyu anapita kimya kama aibu.

Mama Ndoo hajambo, amepewa ndoo na fagio la deki maana ndiyo kawaida yake. Anapiga deki toka mwanzo wa korido hadi mwisho, akirudi kinyumenyume. Na anaongea toka asubuhi hadi tunatoka, mdomo kama cherehani, daima yuko kushoto kwangu. Jana kaniambia, "We mzee, hicho kifua kitatangulia kufika nyumbani kikukute njiani." Nikamwambia, "Na wewe kwa kurudi nyuma hivyo, siku moja utafika ulikozaliwa." Akacheka hadi akaegemea fagio. Bwana Rula akasema tunaharibu vipimo. Kicheko nacho si kawaida ya watu?

Usiniulize tena habari ya macho. Nimekula chumvi nyingi, najua mwili wangu.

Simba wa Korido


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Mama Ndoo ameanguka. Ni mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, mfupa umevunjika. Wamemfunga plasta.

Ilikuwa juzi, tarehe 31. Walikuja wageni, ndio wenye mashine, kutazama. Tuliambiwa siku hiyo tuwe kimya, kila mtu afanye kazi yake. Bwana Harusi alikuwa anapita, Mama Ndoo akarudi nyuma. Ndivyo wanavyosema. Mimi nilikuwa karibu naye, hatua mbili. Bwana Rula akaniuliza mbele ya wageni, mzee, umeona ilivyokuwa? Nikamwambia mashine imepita vizuri. Karatasi yangu nilijaza matano.

Basi, ndivyo ilivyo.

Bati la jikoni linavuja, fundi ameahidi kuja. Paka wa jirani amezaa kwenye kikapu changu cha mkaa, watoto wanne. Hali ya hewa nzuri.

Baba yako


Tarehe 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Pole kwa Mama Ndoo. Nimemtumia salamu na kitambaa cha kufungia mkono shingoni.

Barua hii nimeianza mara tatu. Nitakwambia nilichokiona, halafu utaniambia wewe.

Nimezipanga mezani karatasi za namba saba. Zipo sabini na moja. Zile ambazo mashine ilikujia kutoka kulia zinasema mbili, tatu, moja, nne, mbili. Hizo ni karatasi za mtu anayeona na kuchagua, tena mkali. Zile za kutoka kushoto zipo thelathini na nne. Tano, tano, tano. Zote thelathini na nne ni tano. Hata ya tarehe 31, ambayo msimamizi amepima sentimita nne kutoka kisigino chako. Baba, wewe unayemnyima mwenzako duara kwa kukusogelea kama mwenye siri, kabati zima lipite vidole viwili kutoka mguuni kwako, na useme hukulihisi?

Sasa sikia lililoandikwa kwenye taarifa ya siku hiyo. "Mtembeaji namba nane alikiuka maelekezo kwa kurudi nyuma ghafla kwenye njia ya mashine. Mtembeaji wa karibu, namba saba, amethibitisha kwamba mashine ilipita vizuri." Namba nane ameondolewa kwenye orodha, na kosa limebaki kwake. Mashine imebaki safi.

Mimi najua mashine hii inavyofikiri, kama kufikiri ndilo neno. Inatazama uso wa mtu umeelekea wapi, inakadiria ataenda huko, kisha inachukua upande wa pili. Kila mtu anayepiga deki uso wake umeelekea kule asikokwenda. Lakini hilo siwezi kuliandika kutokea mezani kwangu. Anayeweza kulisema ni aliyekuwapo. Ripoti inafungwa tarehe 30.

Nakuomba kitu kimoja. Funika jicho la kulia kwa kiganja, tazama mlango, uniandikie unaona nini. Sitaki barua ndefu.

Mwanao


Tarehe 15 Aprili

Binti yangu,

Mimi ndiye niliyekuzaa, hukunizaa. Nimekubeba mabegani toka hospitali hadi nyumbani na mvua inanyesha, sikukanyaga dimbwi hata moja. Leo unanipanga mezani kama karatasi. Kumbe nilipelekwa kule nipimwe mimi!

Nilisema imepita vizuri, imepita vizuri. Mtu mzima harudii neno. Mama Ndoo ni mtu wangu, si mtu wako, na mambo ya korido yanajulikana na watu wa korido.

Nimefunika kama ulivyotaka. Mlango upo palepale fundi alipouweka.

Usiniandikie kama huna la maana.

Simba wa Korido, miaka thelathini na sita, sijawahi kumwangusha mgonjwa


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu wa pipi,

Naandika kwa mkono wa jirani yangu, mwalimu wa watoto wadogo, maana wangu upo kwenye plasta. Yeye anaandika nisemavyo, nimemwambia asinirekebishe. Kitambaa kimefika, kizuri mno, najiona kama mjeruhi wa vita. Asante.

Mzee wako asijue nimekuandikia. Sikuandikii umgombeze. Nakuandikia kwa sababu jana alikuja kunitazama, akakaa saa nzima, hakujisifu hata mara moja. Nimeogopa.

Alipoingia aligonga bega kwenye mlango, bega la kushoto. Nikajifanya natazama dirishani. Mwanangu, mimi nilijua tangu mwezi wa pili. Tulikutana sokoni, nikasimama upande wake wa kushoto nikamsalimia kwa mkono, akapita. Nikadhani ameanza maringo. Nikamwita, akageuza shingo nzima kama bundi. Hapo nikaelewa. Aliponipeleka kwenye kazi ile nikasema moyoni, sawa, huyu ananipa kazi, mimi nitampa jicho. Nikawa nakaa kushoto kwake na kuongea. Wao walidhani mimi ni kasuku. Nikiongea anajua nilipo, na Bwana Harusi akija upande ule nasema, "Haya, bwana mkubwa huyo anapita," naye anajisogeza kidogo, anaona ni ujanja wake.

Siku ya wageni walitukataza kusema. Eti watu wodini hawasemi. Sijui hao wageni wamelazwa wodi gani. Basi nikanyamaza, nikapiga deki. Sikuiona ile mashine, ilikuwa mgongoni kwangu. Ilinipiga nyuma ya goti, nikashukia mkono.

Ni kweli nilirudi nyuma. Nimerudi nyuma miaka thelathini na moja. Mpiga deki akienda mbele anakanyaga kazi yake. Nilikuja kusomewa karatasi yao kwamba nimekiuka. Hilo neno limeniuma kuliko mfupa. Nimefanya kazi chini ya matroni saba, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia hivyo, na sasa ndilo litakalobaki.

Nasikia mashine zenyewe zinaingia wodini. Wapiga deki wa wodini ni wasichana niliowafundisha mimi kurudi nyuma.

Mzee simlaumu. Sikio lake halisikii dawa, lakini moyo wake naujua. Ila sitamwomba. Jambo hili akiombwa halitakuwa lake.

Mimi wako,
Mama Ndoo, kwa mkono wa jirani


Tarehe 26 Aprili

Mwanangu,

Nimefunika jicho la kulia, safari hii kweli. Mlango haupo. Ukuta haupo. Ni kama maji ya kuoshea sufuria yenye majivu. Nikisogeza kidole naona kitu kinatembea pembeni kabisa karibu na sikio, basi. Tangu mwezi wa kumi na mbili iko hivyo.

Kwa daktari sikwenda. Nilifika hadi mlangoni, nikasoma kibao, Macho, nikarudi. Nilisukuma watu wengi kuingia mlango ule, nilijua wanavyotoka. Na nilikumbuka ahadi. Nyumba hii kila tofali nimelipanga mimi, na mama yako amefia humu, upande wa dirisha. Kwako nitakuwa mgeni hadi kufa. Ndiyo maana nilinyamaza. Sijui kama ni sababu nzuri, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Sasa la Mama Ndoo. Siku ile nilisikia ndoo kwanza. Nikasikia maji. Kisha nikasikia hajasema kitu, na huyo ni mtu wa kusema. Nikageuza shingo nikamkuta chini, ameshika mkono, Bwana Harusi amesimama na taa yake. Bwana Rula akaniuliza, umeona? Palikuwa ni pale pa kusema sikuona. Neno moja. Nimebeba watu wa kilo mia na hamsini ngazi hadi ngazi siku lifti imekufa, mwanangu, na neno lile nikashindwa kulinyanyua. Wageni wananitazama, wametoka kunisifu sasa hivi, mzee hodari. Nikasema imepita vizuri. Mama Ndoo alinitazama kutoka chini. Hakunikatalia. Angenikatalia ingekuwa nafuu.

Nilikwenda kumtazama nikitaka kumwambia, nikashindwa. Nilikaa kama gunia. Yeye akanimenyea chungwa kwa mkono mmoja na meno, akaliweka kulia kwangu. Kulia, mwanangu. Meza nzima ilikuwa wazi kushoto, akazunguka akaliweka kulia. Nikajua anajua. Nikalila lile chungwa lote.

Jana nilikwenda. Haikuwa zamu yangu. Nilivaa koti langu la kazi la zamani, lile la kijivu. Nikachukua ndoo na fagio, nikaanza kupiga deki katikati ya korido, nikirudi nyuma. Bwana Rula akasema, "Mzee, wewe si mpiga deki." Nikamwambia, "Na wewe si nguzo, mbona umesimama? Mwache Bwana Harusi aje." Akasema haiwezekani, haipo kwenye ratiba. Nikasema hata kuvunjika kwa Mama Ndoo hakukuwa kwenye ratiba. Nikaendelea. Watembeaji walicheka, kisha wakaacha.

Mashine ilikuwa kwenye mzunguko wake, ikatokea nyuma yangu. Nisingeiona hata ningekuwa na macho ya tai, ilikuwa mgongoni. Nilirudi hatua, nilirudi hatua, ikanigonga chini ya goti. Si kwa nguvu, lakini miguu hii si ya jana, nilishika ukuta. Nikachovya fagio nikaanza tena. Ikanigonga tena, palepale. Mara ya tatu Bwana Rula mwenyewe alikimbia akaizima.

Nikamwambia, toa kalamu. Andika mtembeaji namba saba jicho lake la kushoto halioni. Andika karatasi zake zote za kushoto ni uongo. Andika tarehe 31 hakuona kitu, alisikia ndoo. Andika namba nane hakukiuka, aliambiwa atembee kama kawaida yake na kawaida ya mpiga deki ni kurudi nyuma, na asiyejua hilo hajawahi kuosha hata jiko la kwao.

Akasema taratibu, "Mzee, nikiandika hivi, kazi yako imekwisha." Nikamwambia iliisha tarehe 31, mimi ndiye niliyechelewa kutoka.

Ameandika. Si mtu mbaya. Nimeweka sahihi yangu, herufi za milangoni unazijua, zimesimama kama mabawabu. Nakala nimeifunga na barua hii. Iwahishe kabla ya tarehe 30. Nikaongeza chini kwa mkono wangu: mfundisheni kusema simile.

Sasa kuhusu ile ahadi, sina la kubishana. Nilitoa mkono.

Baba yako


Tarehe 3 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Karatasi yako imefika tarehe 29, saa nane mchana. Niliisoma nimesimama. Kisha nikaipeleka kwa mkuu wangu na kumwambia mambo mawili: kwamba haya ni kweli, na kwamba namba saba ni baba yangu, nafasi yake nilimtafutia mimi na nikaficha. Wewe umesema lako, nisingebaki na langu.

Kwa hiyo ripoti hii siandiki mimi tena. Nimehamishwa chumba, nimepewa kazi ya kupanga mafaili, na sijui hadi lini. Usiumie. Aliyechukua nafasi yangu ni mama mmoja mkali ambaye hana baba kwenye korido. Amekwenda huko mwenyewe na wapiga deki wanne wa wodini, na Bwana Harusi amewagonga watatu. Mashine haitaingia wodini mwezi wa sita. Inarudishwa kwa walioitengeneza, na itajaribiwa upya pamoja na watu wanaorudi nyuma, na wasioona upande mmoja, na wasiosikia. Na itatoa sauti kabla ya kupita nyuma ya mtu. Sauti gani hawajaamua.

Lile neno, alikiuka, limefutwa. Mama Ndoo ataletewa barua ya kuombwa radhi na matibabu ya mkono juu yao. Nilipiga simu kuhakikisha.

Nimeongea na daktari wa huku. Anasema la kushoto huenda halitarudi, lakini la kulia bado linaweza kulindwa kama utakuja mapema. Mapema, baba. Chumba kipo tayari. Kitanda nimekigeuza, ukuta uwe kushoto kwako na mlango uwe kulia. Na nyumba yako hatuiuzi. Tunaifunga tu, ufunguo ukae shingoni kwako.

Mwanao


Tarehe 10 Mei

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Kwamba nimekupotezea kazi nimelisoma mara nne.

Nitakuja. Nipe wiki tatu, hadi Mama Ndoo atolewe plasta, maana namchotea maji. Anasema namwaga nusu njiani. Jioni tunatembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi, yeye kushoto kwangu, anaongea. Zamani nilidhani anaongea kwa kuwa hawezi kunyamaza. Sasa najua, na nimemwambia najua, akasema "Hee, leo umenisikia?" kisha akaendelea na habari za kuku.

Barua ya kuombwa radhi imemfikia. Amesomewa mara tatu, ameiweka chini ya godoro.

Lilikuwa limebaki jambo moja, kuomba msamaha, na hilo sikufundishwa milangoni. Nilikuwa na karatasi moja ya maduara, tupu, nilitoka nayo mfukoni mwa koti. Jana nikampa na kalamu. Nikamwambia, miaka yote tumepishana mimi na wewe kwenye korido, na siku ile nilikupita. Nijazie mimi.

Hakucheka. Aliilaza kwenye mapaja. Akajaza kwa mkono wa kushoto, kalamu inamponyoka, duara moja, akapumzika, la pili, akapumzika, la tatu. Akanirudishia.

Nikamuuliza, mbona si matano?

Akasema, "Matano ulishampa Bwana Harusi."

Karatasi ninayo. Nitakuja nayo.

Baba yako